Kalkulasi utaikuta kazini? Mimi niliikuta kwenye dimbwi

Mkuu, umeuliza kama kalkulasi (hesabu za miteremko na majumlisho) inayokutoa jasho mwaka wa kwanza utaitumia ukishakuwa mhandisi au mtaalamu wa mipango miji, au ni ya kufaulia mtihani tu. Nimefanya kazi za barabara na mifereji kwa miaka kadhaa, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nianze na ukweli: mara ya mwisho nimeshika kalamu nikafanya integresheni (kujumlisha vipande vidogo vidogo) kazini siikumbuki. Programu ndiyo inapiga hesabu. Wanaosema "hutaitumia kamwe" wanaangalia hapo tu, na kwa hapo wako sahihi.

Sasa sikia. Nikiwa bado mgeni kazini, tulikuwa na kipande cha barabara kinachoshuka kwa asilimia 3 halafu kinapanda kwa asilimia 2, katikati kikiunganishwa na mkunjo wa urefu wa mita 100. Nikapewa kazi ndogo: onyesha kwenye mchoro chemba ya kupokea maji ya mvua ikae wapi. Nikaiweka mita 50, katikati kabisa, maana kwa macho bonde lilionekana liko hapo. Waliokagua mchoro wakapitisha. Barabara ikajengwa, mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakasimama.

Mkunjo wa namna hiyo huchorwa kama parabola kwa makusudi, ili mteremko ubadilike kidogo kidogo kwa kasi ileile na gari lisirushwe. Kimo chake, ukiwa mita x kutoka unapoanzia, kilikuwa −0.03x + 0.00025x². Ukitafuta mteremko wa kila nukta unapata −0.03 + 0.0005x, na maji hutulia pale mteremko unapokuwa sifuri. Hapo ni mita 60, si 50. Tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili ni sentimita 2.5, kitu ambacho ungekidharau. Lakini chini ya bonde barabara inakaribia kuwa tambarare, kwa hiyo sentimita hizo zilitandaza dimbwi la mita 20, kuanzia kwenye chemba yangu hadi mita 70. Bosi wangu alizunguka lile dimbwi, akaugeuza mchoro, akaandika nyuma yake mistari miwili hiyo niliyokuandikia, akanirudishia. Hakuongeza neno. Programu wala haikukosea, ilichora chemba pale nilipoiambia ichore.

Ndiyo maana nasema kalkulasi ya kazini imejificha ndani ya fomula. Chukua bimu iliyoegemea ncha zake mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa. Kitabu kinakupa kiasi inachoshuka katikati: 5wL⁴/384EI, ambapo w ni mzigo wa kila mita, L ni nafasi kati ya nguzo, E ni ugumu wa nyenzo na I inatokana na umbo la mkato wa bimu. Ile 384 haikuokotwa, imetokana na kuuintegreti mzigo mara nne. Asiyejua hilo ataitumia fomula hiyohiyo hata mzigo ukiwa umerundikwa upande mmoja. Anayejua atasita. Pia ataona haraka kwamba mteja akitaka nafasi kati ya nguzo iwe mara mbili, bimu ileile kwa mzigo uleule wa kila mita itashuka mara 16. Hilo unamjibu mteja mkiwa bado mezani, kompyuta haijawashwa.

Mabwawa ya kupunguza mafuriko nayo ni hivyo hivyo. Wengi hudhani maji bwawani hufika juu kabisa wakati mvua inapopiga kwa nguvu zote. Hapana. Maji yanaendelea kupanda mradi yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka, na kilele kinafika pale viwango hivyo viwili vinapolingana, mara nyingi mvua ikiwa imeshalegea na watu wameshapumua.

Upande wa mipango miji sitakudanganya: siku nyingi utashinda na takwimu, ramani za kompyuta, sheria za ardhi na vikao (vikao!). Lakini upo mfano mmoja ninaoupenda sana. Mwaka 1951 mchumi Colin Clark alionyesha kwamba msongamano wa watu mijini hupungua kadiri unavyotoka katikati, kwa mfumo wa kipeo: kila kilomita inapunguza sehemu ileile. Tuseme unapungua kwa asilimia 22 hivi kila kilomita. Penye msongamano mkubwa kuliko pote ni katikati, hilo halina ubishi. Je, wakazi wengi wanaishi hapo? Hapana, kwa sababu duara la karibu na kitovu ni dogo na la mbali ni kubwa. Zidisha msongamano kwa mzingo wa duara, tafuta kilele: pete yenye watu wengi kuliko zote iko kilomita 4 kutoka katikati. Ukipanga shule na njia za mabasi kwa kutazama rangi nyekundu iliyokolea katikati ya ramani, umefanya kosa langu la chemba, ila lako lina ukubwa wa mji.

Kwa hiyo ukisoma, tia nguvu kwenye maana ya mteremko, kilele na bonde, eneo chini ya mstari wa grafu, na milinganyo ya kiasi kinachoingia na kutoka. Kila jibu lichoree kwanza kwa mkono, hata vibaya. Zile mbinu za kuintegreti kwa kubadilisha herufi hadi ukurasa unajaa, zifaulu tu. Mimi nilizisahau kabla cheti hakijatoka.