Mkuu, hiyo vanila usiitie kwenye kiko cha babu!

Weka hiyo pakiti chini kwanza, ndipo tuongee.

Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani macho yangu yana shida. Umeachiwa na babu kiko cha braia (mti mgumu wa viko), kimenyooka, bakuli la kutilia tumbaku refu jembamba. Una pakiti ya tumbaku tamu ya vanila, na una majani ya tumbaku ya moshi uliyoletewa kutoka Namtumbo. Unauliza uanze na ipi, na kiko cha pili kiwe cha umbo gani. Halafu mdau hapo juu anakujibu "kiko ni kiko mkuu, vuta tu". Huyo, kama si yeye ni pacha wake, ndiye aliyenishauri mimi mwaka 2018.

Nilihamia Dodoma na wizara 2017. Baba mkwe, mzee wa Urambo, akanipa kiko chake, eti mtu anayekwenda makao makuu lazima awe na kitu cha kushika mkononi. Kilichongwa Saint-Claude, Ufaransa, mji ambao umekuwa ukichonga viko vya braia tangu miaka ya 1850. Mzee alikivutia tumbaku ya mvuke tupu, ile Virginia ya kwao inayokaushwa kwa hewa ya moto bila moshi, zaidi ya miaka ishirini. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi, umelingana pande zote, unene wa sarafu. Ukikinusa hakijawashwa unapata nyasi kavu na mkate.

Mimi nikakitia vanila.

Muuzaji wa duka moja Dar ndiye aliyeniaminisha: "Hii ndiyo ya kuanzia bosi, laini, haiunguzi ulimi." Laini! Kipupwe cha Dodoma kinakukaushia mkate ukiwa bado unaupaka siagi, lakini pakiti ile niliiacha wazi mezani siku nne na bado inanata vidoleni. Tumbaku nyingi za aina hiyo hutiwa propilini glikoli ili zishike unyevu. Sasa kitu chenye unyevu namna ile hakiungui, kinachemka. Mvuke wote unaishia ulimini, na maji machungu yanabaki kwenye mti. Kiko kikawa kinakoroma kama sufuria ya maharage. Nami kwa ubishi nakiwasha mara saba kwa bakuli moja, asubuhi, mchana na jioni, bila kukipumzisha hata siku. Wiki sita hivyo. (Wanaotaka kuniambia niache kabisa, mke wangu amewatangulia.)

Braia si ubao wa kawaida. Ni fundo linaloota mzizini mwa kichaka cha Erica arborea, nchi za Mediterania. Linahimili moto, na linanyonya. Ndiyo maana linafaa, na ndiyo maana lilinitesa: niliporudi kwenye Virginia, Virginia haikuwepo. Vanila. Nikasema niue harufu kwa tumbaku ya moshi kama hiyo yako. Ile inakaushwa juu ya moshi wa kuni, nayo inang'ang'ania mti kama harufu ya jiko kwenye shuka. Matokeo yake nikawa navuta keki iliyoungulia kwa bibi.

Hapo ndipo mshauri wangu wa jukwaani akaingia. "Jaza chumvi, mimina pombe kali, acha siku tatu, kiko kipya." Wanaojua kazi hiyo hutumia spiriti kali kabisa, matone, na wanaitoa kesho yake. Yeye hakusema. Mimi nikachukua chupa ya dukani, ambayo zaidi ya nusu ni maji, nikamimina hadi juu, nikakiacha dirishani upepo unapopita. Asubuhi ya nne nikauona: ufa mwembamba kama unywele, kuanzia ukingoni mwa bakuli hadi shingoni. Mti ulilewa maji, ukavimba, ukakauka ghafla, ukaachia. Nikamfuata kwa ujumbe wa faragha. Unajua alijibu nini? "Pole mkuu, labda kilikuwa feki."

Krismasi mzee akaja. Akala, akashushia chai, akasema, "Mwanangu, hebu kile kiko changu." Nikakileta na ufa nimeugeuzia upande wangu. Hakuuliza moto. Alikiweka mdomoni kitupu, akavuta hewa mara moja, akakitoa, akaniangalia kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.

"Humu mmepika nini?"

Nikamwambia ni mtoto alichezea. Mtoto wangu wakati huo alikuwa na miezi mitano.

Kwa hiyo mkuu, kiko kimoja, ukoo mmoja wa tumbaku. Nusa hicho cha babu kabla ya kutia chochote, kitakwambia kilizoea nini. Ukipata nyasi na mkate, tafuta Virginia. Bakuli refu jembamba linaipendeza, mradi uvute taratibu, maana ina sukari nyingi na ukiikimbiza itakuchoma. Ukipata moshi, hayo majani ya Namtumbo ni ndugu zake. Wanaovuta Latakia, tumbaku nyingine ya moshi, nao huitengea kiko chake peke yake, chenye bakuli pana. Umbo ni jambo la pili. Watu wanabishana kilichopinda na kilichonyooka kutwa nzima, wakati ndani kumejaa supu ya tumbaku tatu.

Vanila yako ina haki ya kuishi, ila inunulie kiko cha gunzi. Ndiyo, gunzi la mahindi. Wamarekani wa Missouri wanavitengeneza tangu 1869, bei yake ni ndogo kuliko ya braia, na kikinuka hakuna mkwe atakayekuuliza. Usiende kuchonga gunzi la Kibaigwa sasa, hayo ya viko ni ya mbegu maalumu yenye gunzi nene. Nakujua, ulishaanza kutafuta kisu.

Changu kipo kabatini bado, kimefungwa kwa waya. Juzi mke wangu katoa shuka za wageni humo, akaniuliza nimenunua keki ya nani.