Masista wa Kerala na hesabu za BJP

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Parokiani kwetu tunao masista kutoka Kerala, India. Walituomba tuwaombee wenzao waliokamatwa huko India Julai 2025. Nilishangaa, maana nilisikia BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, kilipata mbunge Kerala na Wakristo walimpigia kura. Inakuwaje? – Mama Neema, Iringa

JIBU: Marahaba, mama. Yote mawili ni kweli. Kwa sensa ya 2011 Wakristo ni asilimia 2.3 tu ya India nzima, lakini Kerala ni 18. Penye kura zao, BJP inawabembeleza.

Wakulima wengi wa mpira Kerala ni Wakristo. Alfajiri wanachanja gome, utomvu unadondokea kwenye kifuu cha nazi, na bei ikianguka ada za watoto hazilipiki. Machi 2023 Askofu Mkuu Joseph Pamplany wa Thalassery aliwaambia wakulima hadharani kwamba serikali kuu, iliyo chini ya BJP, ikipandisha bei ya kilo ifike rupia 300, BJP itapata mbunge. Mwaka uliofuata mwigizaji Suresh Gopi, baada ya kupeleka taji la dhahabu kanisa kuu la Mama wa Lourdes, alishinda ubunge wa Thrissur, Kerala, kwa tiketi ya BJP. Siwalaumu wakulima; njaa haina chama.

Sasa twende Chhattisgarh, jimbo la katikati ya India, ambako Wakristo ni wachache na wengi wao ni Adivasi, wenyeji wa misituni. Masista wale wawili walikamatwa stesheni ya Durg tarehe 25 Julai, wakiwa na wasichana watatu waliokuwa wakienda kutafuta kazi Agra. Vijana wa Bajrang Dal, kundi la utaifa wa Kihindu, ndio waliolalamika. Waziri kiongozi wa jimbo, wa BJP, alizungumzia usafirishaji wa binadamu na kubadilisha watu dini. Mwenyekiti wa BJP Kerala, Rajeev Chandrasekhar, alisema hawana kosa. Chama kilekile, wiki ileile! Dhamana ilitoka tarehe 2 Agosti.

Masista hao walikuwa na Kerala nzima nyuma yao. Wanaoniuma zaidi ni Adivasi wenyewe. Januari 2025 mchungaji mmoja wa Bastar, mkoa wa kusini mwa Chhattisgarh, alifariki, na wanakijiji wakakataa azikwe kwao kwa kuwa ni Mkristo. Mwanawe alikwenda hadi mahakama ya juu kabisa ya India, mwili ukisubiri mochwari. Tarehe 27 majaji wawili walitofautiana, kisha wakaamuru azikwe kwenye makaburi ya Wakristo ya kijiji kingine.