Usifute sauti ya marehemu ukidhani unafuta kelele

Jumanne usiku kuna dada mmoja wa Mombasa kaniandikia. Kanunua kile kifaa kidogo cha USB cha kunasia video, kakiunga kati ya deki ya zamani ya kwao na laptopu ahamishie mkanda kwenye kompyuta, picha anaiona vizuri tu lakini sauti inavuma mmmmm mwanzo mpaka mwisho, na mkanda wenyewe ni wa harusi ya mamake, na fundi wa mtaani kwao kashamwambia umekufa huo, autupe. Autupe! Nilivyosoma hilo neno usingizi ukaniruka, nikampigia hapohapo.

Nikamuuliza, shoga, laptopu yako iko kwenye chaja? Iko. Ichomoe. Akaichomoa, mvumo ukakata palepale, na kwenye simu nikasikia vigelegele vya harusi nzima halafu nikamsikia yeye analia. Mkanda ulikuwa mzima siku zote. Umeme wetu huku, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, na ukiunganisha deki na laptopu iliyo kwenye chaja, mara nyingi huo umeme unapenya kwenye waya wa sauti, ndo huo mvumo unaousikia. Tumia betri, au chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na waya wa antena ukiwa bado umeshikana na deki uutoe. Hakuna programu hata moja iliyofunguliwa hapo, na hili ndo nataka mlishike kabla sijaendelea: kelele nyingi zinatibika kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.

Najua wengi mnaonisoma mnataka kazi hii ya kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta iwalipe, mnataka mkanda uliochoka utoke kama umerekodiwa jana. Na mimi nilitaka hivyohivyo, ndo ikaniponza.

Mwaka 2018, nina miezi minne tu kwenye kazi, familia moja hapa Tanga waliniletea mkanda wa VHS wa maulidi. Anayesoma ni baba yao, alishafariki, na sauti yake hawana popote pengine. Alieuleta ni binti yake, kaufunga kwenye kanga. Nikautia kwenye deki, nikaunasa wote, picha ina chenga kidogo juu lakini inatazamika. Sauti sasa: feni inazunguka karibu na maiki, nje jenereta, na juu yake ule mchirizo wa mkanda wenyewe, shhhh. Mi nikaona hapa ndo pa kuonyesha ufundi. Nikafungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, nikachukua kipande kabla mzee hajaanza kusoma nikakifanya sampuli ya kelele, nikapandisha kipunguza kelele mpaka desibeli 30, nikaona bado kafeni kanasikika kwa mbali, nikarudia mara ya pili juu ya ileile. Kimya kabisa nyuma! Nilijisikia fundi kwelikweli. Halafu diski imejaa, maana mkanda wa saa moja ukiunasa bila kupoteza ubora unakula karibu gigabaiti 30, nikafuta faili la mwanzo.

Binti alikuja Ijumaa. Akavaa hedifoni, akasikiliza kama dakika mbili, akazivua taratibu akasema, "Hii siyo sauti ya baba." Hakupiga kelele wala hakunitukana. Na kweli, nilivyosikiliza tena kwa masikio yake, mzee alikuwa kama anasoma kutoka ndani ya pipa la maji, zile "s" na "sh" zote zimeliwa, pumzi anayovuta kati ya aya na aya haipo. Nikamwambia mama usijali, nanasa upya. Sikuwa nimeukagua mkanda, una ukungu mweupe pembeni, ile mara ya kwanza ulipita kwa bahati tu, mara ya pili ukanasa ndani ya deki ukakatika na kujisokota. Akaweka hela yote mezani, niliyomtajia mwenyewe, akaondoka. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri na mi nashindwa kumtazama.

Kwa hiyo nikikwambia kitu hapa sikisomi mahali, kimenigharimu. Faili la mwanzo halifutwi. Likija tatizo la nafasi kakope diski kwa jirani, uza kitu, lakini lile la mwanzo linabaki vilevile na kelele zake zote, unafanyia kazi nakala. Na kelele unapunguza, humalizi. Mi sa'hivi naanza na desibeli 6, nikizidi sana 12, basi. Na pale Audacity kuna sehemu imeandikwa Residue, ukiichagua inakusikilizisha kile kinachotolewa tu, na ukisikia neno la mtu humo ndani, hata nusu ya neno, ujue umeshaanza kumla mtu, rudi nyuma. Laiti ningeijua ile 2018. Mvumo wa umeme kama umesharekodiwa unautoa kwa kichujio chembamba cha hezi 50, halafu 100, halafu 150, sauti ya mtu inabaki karibu yote.

Mengine mnayoniuliza sana: sauti kuachana na midomo, hiyo ni fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, zinadondoka wakati wa kunasa. Video zetu za PAL, mfumo wa video unaotumika huku, ni fremu 25 kwa sekunde, zikidondoka 25 tu umeshaachwa sekunde nzima. Toa habu ya USB, chomeka kifaa kwenye laptopu moja kwa moja, zima waifai, sauti weka hezi 48000, usifungue kitu kingine chochote mpaka mkanda uishe. VirtualDub, programu ya kunasia video, inakuhesabia fremu zilizodondoka, itazame. Video inayokatika yenyewe ikifika gigabaiti 4, diski yako imeformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 usiopokea faili kubwa kuliko hapo, formati upya kwa exFAT, ila toa vitu vyako kwanza! Na mkanda uliotumwa na ndugu wa Marekani ukionekana mweusi na mweupe au picha inapanda na kushuka, ule ni wa NTSC, mfumo wa video wa kwao, tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili, usihangaike na kompyuta.

Vijana mnapenda kuniuliza programu gani, programu gani. Mtu kakukabidhi baba yake kwenye kanga we unawaza programu! Kaa usikilize mkanda kwanza mpaka uijue sauti ya huyo mtu, uijue pumzi yake, ndo uguse kitu.

Dada wa Mombasa, umeniambia kuna mkanda wa pili, wa ndoa ya bibi. Usiutie kwenye deki leo. Nyanyua kifuniko cha mbele cha kaseti uutazame dirishani kwenye mwanga, ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za mkanda usiucheze, uweke pakavu na unipigie, hata kama ni usiku.