Mkaa wa jikoni na mkaa ulioamilishwa: nani anasafisha maji kweli?

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama mkaa wa jikoni ukitwangwa unaweza kusafisha maji ya kisima, kama vifuu vya nazi vinashinda mabaki mengine ya mimea, na kama mkaa uliochoka ukianikwa juani unarudi kazini. Nimekuwa nikitengeneza na kupima mkaa wa aina hii maabara, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mkaa wa kawaida unafanya kazi, ila kidogo mno. Kifuu kikichomwa pasipo hewa, nyuzi 400 hadi 700 za Selsiasi, kinabaki kaboni yenye vitundu vingi vilivyozibwa na lami. Kuamilisha ndiko kunakovizibua na kuchimba vingine. Njia moja ni kupitisha mvuke kwenye mkaa wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Nyingine ni kuloweka malighafi kwenye asidi ya fosforiki kabla ya kuichoma, na hapo nyuzi 400 hadi 600 zinatosha. Mwishoni gramu 1 inakuwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500. Yaani gramu 7 hivi za mkaa mzuri zingetandikwa, zingefunika uwanja mzima wa mpira. Kemikali hunata kwenye kuta za vitundu hivyo. Ya mvuke usiijaribu nyumbani, tafadhali: mvuke ukigusana na kaboni yenye joto hilo hutoa kaboni monoksidi na hidrojeni. Ya kwanza inaua kimyakimya, ya pili inalipuka.

Tofauti inaonekana kwa macho. Chukua chupa mbili zenye maji yaliyotiwa rangi ya methilini bluu, moja utie unga wa mkaa wa jikoni, nyingine wa ulioamilishwa, kiasi kilekile, utikise, kisha uchuje kwa karatasi. Ya kwanza inatoka bluu iliyopauka tu. Ya pili inatoka nyeupe kabisa. Hata sauti ni tofauti: punje kavu zilizoamilishwa ukizimwagia maji zinachemka povu kama soda, hewa ikitoka vitunduni. Ndiyo maana tunaziloweka usiku kucha kabla ya kuzipanga kwenye chujio, la sivyo maji yanapita pembeni ya hewa bila kugusa mkaa.

Lakini jaribio hilo lisikudanganye. Maji meupe si lazima yawe salama. Mkaa huu ni hodari kwa klorini, harufu, ladha mbaya, rangi na viuatilifu vingi. Chumvi, naitreti na ugumu wa maji vinapita kama vilivyokuja. Floraidi nayo karibu yote inapita. Hiyo hushikwa na mkaa wa mifupa, ambao ni habari nyingine. Madini ya risasi hushikika kiasi, hasa na mkaa wa asidi, ila maji yakiwa na tindikali nyingi, madini hayo yanakataa kunata. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, peleka maji yako yapimwe ujue unapambana na nini. Watu wengi hapa wanaanzia kwenye chujio, na mimi naona wanaanzia mwisho.

Vimelea ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mkaa hauwaui, tena bakteria hupenda kuzaliana juu yake, maana chakula kimejikusanya pale na klorini imeondolewa. Maji ya kisima yapitishe kwenye mchanga kwanza, halafu mkaa, halafu uchemshe au utie dawa. Usigeuze mpangilio huo.

Kuhusu malighafi: vifuu ni vigumu, vina majivu machache, na vitundu vyake vingi havifiki nanomita 2, hivyo vinafaa kwa molekuli ndogo. Rangi za viwandani zenye molekuli kubwa zinataka vitundu vipana zaidi, na hapo mbao zilizoamilishwa kwa asidi zinaweza kuvishinda. Magunzi ya mahindi yanafaa pia. Pumba za mpunga zina silika nyingi (madini yaliyomo kwenye mchanga), zinasumbua.

Na jua? Linakausha maji tu. Kilichonata vitunduni kinabaki palepale. Kuurudisha mkaa kazini kunahitaji tanuri la nyuzi 800 hivi lisilo na hewa, kwa hiyo kwa chujio la nyumbani badilisha tu. Usingoje harufu irudi ndipo ujue umeisha. Ikirudi, viuatilifu huenda vilishaanza kupita zamani.