Simbilisi mwoga hatolewi bandani, hutoka mwenyewe

Nyumbani kwetu Njombe, kama ilivyo katika kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa ambao kwa Kiingereza huitwa guinea pig, tuliwaona tangu utotoni wakikimbizana jikoni na kugombania maganda ya mahindi mabichi kando ya mafiga, wala hatukuwahi kufikiri kwamba mnyama huyu anaweza kuogopa kutembea. Ndiyo maana, nilipokuja kununua majike watatu sokoni nikiwa mtu mzima na kuwaweka katika banda la mbao barazani, nilifanya kosa ambalo sasa naliona kwa karibu kila mfugaji anayeniomba ushauri. Jumapili moja asubuhi niliwashika mmoja mmoja, nikawaweka katikati ya uwanja wa nyasi, nikakaa kitini nikisubiri wafurahi. Waliganda palepale kwa muda wa robo saa hivi, nami nikamwambia mke wangu kwamba wanaota jua. Kisha mwewe akapita, kivuli chake kikakata nyasi, na yule mweusi akatokomea chini ya rundo la kuni. Tulizihamisha zile kuni gogo kwa gogo, lakini hakutoka hadi giza lilipoingia.

Kuganda kule hakukuwa utulivu hata kidogo. Asili ya simbilisi ni Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, na jamaa zake wa porini huishi kwa makundi, wakipita katika vijia vilivyofichwa na majani marefu, kwa sababu karibu kila mla nyama huwawinda. Macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo huona vizuri kinachomjia kwa pembeni na kwa juu, ilhali kilicho mbele kabisa ya pua yake hukiona kwa shida. Mkono wako unaoshuka kutoka juu, hata ukiwa na mapenzi kiasi gani, kwake hauna tofauti na kucha za mwewe. Sisi tukisikia neno uhuru tunawaza uwanja mpana, naye huwaza ukuta wa kuegemea na paa la kujificha.

Kwa hiyo niliacha uwanja, nikaanzia chumbani. Nilizungushia mbao eneo la kama mita mbili kwa moja na nusu, nikashusha banda mpaka mlango wake ukawa sawa na sakafu. Sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa, na miguu ya simbilisi huteleza juu yake. Niligundua kwamba sehemu ya kile nilichokiita woga ilikuwa ni utelezi tu, maana nilipotandika blanketi kuukuu walitembea vizuri zaidi siku ileile. (Mkeka wa ukindu nao ungefaa, lau wasingeutafuna.) Juu ya blanketi nilipanga masanduku ya karatasi ngumu, kila moja likiwa na milango miwili, kwa kuwa sanduku la mlango mmoja humfanya mbabe wa kundi awazibie wenzake njia. Kati ya sanduku na sanduku niliacha nafasi ya dhiraa moja, na ndani yake nikaweka nyasi kidogo kutoka bandani ili wakute harufu ya kwao. Kisha nilifungua mlango wa banda, nikalala kifudifudi upande wa pili na kusoma gazeti bila kuwatazama.

Siku tatu za kwanza hapakutokea lolote. Siku ya nne ilionekana pua. Siku ya sita yule wa kahawia aliweka miguu ya mbele kwenye blanketi, ile ya nyuma akaiacha kizingitini, akajivuta mpaka akawa mrefu kama mhogo, akanyakua jani la giligilani na kurudi nalo gizani kulila. Tukio zima halikuzidi nusu dakika, lakini kwangu ndilo lililofungua njia, maana tangu hapo alijua kwamba akirudi atakuta mlango bado wazi. Wiki ya tatu alikuwa akirukaruka hewani kwa miguu yote minne kama kitoto cha mbuzi, na hiyo ndiyo furaha ya simbilisi ambayo huwezi kuikosea.

Chambo kizuri nilichokipata ni vipande vya pilipili hoho, kwa kuwa simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Usimshindishe njaa ili atoke haraka. Tumbo lake linahitaji kufanya kazi wakati wote, na nyasi zisipungue kamwe. Wakati wa kurudi, usimfukuze wala kumkamata. Kila nilipotia chakula bandani nilikuwa nikigonga bakuli la bati, na sasa nikiligonga tu wanapiga miluzi na kukimbilia ndani wenyewe. Watoto wanaweza kusaidia endapo watakubali kukaa chini na kunyamaza. Mpwa wangu hakuweza, basi nikampa kazi ya kukata nyasi.

Nje tulirudi baada ya mwezi mmoja na nusu, safari hii tukiwa na uzio wa waya wenye kifuniko, kwa ajili ya mwewe, paka na nguchiro. Tulisubiri umande ukauke, tukahakikisha kwamba nusu ya uzio iko kivulini, na hatukuuweka chini ya miparachichi, ambayo huku kwetu siku hizi imejaa kila mahali, kwa sababu majani yake ni sumu kwao, kama yalivyo majani ya nyanya na viazi mviringo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza, tunabaki chumbani. Kwa walio Tanga au Dar es Salaam adui ni joto: likivuka nyuzi 30 simbilisi anaweza kufa, na ningewashauri watosheke na sakafu ya ndani. Na kama simbilisi aliyekuwa jasiri ameanza kujificha ghafla, huo si woga wa kufundishwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usimpe mwenyewe dawa za jamii ya penisilini, kwani humuua.

Yule mweusi bado hutembea akiambaa na ukuta, hufika sanduku la pili, hula, hurudi. Zamani nilikuwa nikimsukuma aende mbele, nimeacha. Jana jioni nilimkuta mlangoni mwa sanduku, nusu ndani nusu nje, amejilaza kwa ubavu na miguu ya nyuma ameinyoosha.