Maswali na Majibu: Chenji, Lumbesa na Risiti ya Umeme

SWALI: Mwanangu yuko Darasa la Tano, na katika mitihani ya Hisabati hapati chini ya alama 80. Juzi nilimtuma dukani na noti ya shilingi 5,000 anunue vitu vya shilingi 3,650, akarudi na shilingi 850 mkononi wala hakuona kasoro yoyote. Mwenye duka tulipomfuata aliongeza sarafu ya 500 bila ubishi, kwa hiyo sina ugomvi naye. Wasiwasi wangu ni kwa mtoto. Je, nimtafutie mwalimu wa masomo ya ziada?
Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama, fedha ya mwalimu wa ziada ibaki kwanza kwenye pochi. Mtoto wako anajua kutoa. Asichokijua ni kutoa akiwa amesimama, bila karatasi, huku nyuma yake watu wanasubiri kuhudumiwa. Shuleni amefundishwa kuandika 5,000 juu na 3,650 chini, kisha akope kwenye maelfu apeleke kwenye mamia, na kwenye mamia apeleke kwenye makumi. Njia hiyo ni sahihi, ila sifuri tatu zikifuatana huwapoteza hata watu wazima wanapojaribu kuifanya kichwani.

Muuza duka mzoefu hafanyi hivyo. Yeye huanzia kwenye bei na kupanda hadi kwenye noti: 3,650 akiongeza 50 ni 3,700, akiongeza 300 ni 4,000, akiongeza 1,000 ni 5,000. Hapo chenji imekwisha kuhesabiwa, shilingi 1,350, na imekwisha kujipanga yenyewe kwa sarafu na noti zitakazotoka kwenye droo. Mfundishe mtoto kupanda namna hiyo, na kila unapomtuma, kabla hajavuka kizingiti, akutajie chenji atakayorudi nayo. Akisharudi, mhesabu pamoja. Wiki mbili za kutumwa mkaa, vitunguu na sabuni zitamfaa kuliko kurasa nyingi za mazoezi. Jambo moja naomba uliache, kama unalifanya: kumpa fedha kamili inayolingana na bei. Wazazi wengi tunafanya hivyo kwa kuogopa hasara, na matokeo yake mtoto anafika Darasa la Saba hajawahi kupokea chenji.

Akishaizoea chenji, mpeleke kwenye hesabu za sehemu. Watoto wetu wanahangaika na robo na nusu daftarini ilhali nyumbani wanazitamka kila siku: nusu kilo, robo tatu, robo, hata nusu robo. Tuseme sukari ni shilingi 2,800 kwa kilo. Muulize robo ni kiasi gani, naye atagawa kwa 4 na kupata 700. Nusu robo atagawa kwa 8 na kupata 350. Kisha mwambie akaulize bei dukani. Huenda akaambiwa robo ni 750 na nusu robo ni 400, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu, kwa sababu sasa anaweza kurudi nyuma: 750 mara 4 ni 3,000, na 400 mara 8 ni 3,200. Kilo ile ile ya sukari imepata bei tatu kwa kutegemea ukubwa wa mfuko. Nyumba inayonunua robo kila siku kwa siku 30 hulipa shilingi 22,500 kwa kilo saba na nusu, ambazo zingegharimu 21,000 kama zingenunuliwa kwa kilo.

Usimfundishe, hata hivyo, kwamba anayenunua nusu robo hajui hesabu. Mtu anayelipwa kwa siku ana shilingi 400 leo na hana 2,800, na hiyo 50 ya ziada ndiyo gharama ya kutokuwa na akiba. Mtoto akilielewa hilo pia, amejifunza zaidi ya kugawanya.

SWALI: Ninalima viazi mviringo mkoani Njombe. Mnunuzi hunilipa shilingi 70,000 kwa gunia, lakini hulijaza mpaka likavimba, kisha akalishonea kilemba juu. Shambani sina mizani. Nitajuaje ninapoteza kiasi gani?
Mkulima, Njombe

JIBU: Ndugu mkulima, hiyo ndiyo lumbesa, na huhitaji kumiliki mizani ili kuipima, unahitaji kuifikia mizani mara moja tu. Chukua ndoo yako ya lita 20, ijaze viazi hadi mdomoni bila kichwa, uipeleke kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tuseme mizani inasoma kilo 14, na ndoo tupu ni kilo 1. Basi viazi ni kilo 13. Tangu siku hiyo ndoo yako ni kipimo, mradi uijaze vile vile na usiitumie kwa mahindi au maharage kwa kudhani uzito ni ule ule, maana kila zao lina uzito wake katika chombo kimoja.

Sasa hesabu ndoo zinazoingia katika gunia la mnunuzi. Zikiwa 10, gunia lina kilo 130, wakati sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Ukidhani umeuza kilo 100 kwa 70,000, unaona umepata shilingi 700 kwa kilo. Ukweli ni 70,000 kugawa kwa 130, yaani takriban shilingi 538. Zile kilo 30 za kilemba, kwa bei ya 700, ni shilingi 21,000 katika kila gunia, na kwa magunia 20 ni shilingi 420,000. Ziandike tarakimu hizo mahali mnunuzi atakapoziona, kisha mzungumzie bei ya kilo badala ya bei ya gunia.

Kupima kwa chombo si kosa lenyewe. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na fitra ya Ramadhani hadi leo hutajwa kwa pishi. Ila kibaba kina mdomo, na lumbesa haina.

SWALI: Nilinunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, wa shilingi 10,000. Bei ya uniti ni shilingi 292, na juu yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22. Kodi ya jengo ilikwisha kukatwa mapema mwezini. Nilitoa asilimia 22 ya 10,000 nikabaki na 7,800, nikagawa kwa 292 nikapata uniti 26.7. Mbona nimepewa uniti 28 na kidogo? Je, mashine imekosea?
Mpangaji, Dodoma

JIBU: Mashine iko sawa, na safari hii kosa lako lilikuwa la kujipunja. Asilimia 22 inatozwa juu ya thamani ya umeme, haitozwi juu ya fedha yote uliyotoa. Ile 10,000 ni umeme pamoja na tozo zake, yaani asilimia 122 ya thamani ya umeme, kwa hiyo unagawa kwa 1.22 na kupata shilingi 8,196.72. Hizo ukizigawa kwa 292 unapata uniti 28.07. Ukitaka kuhakikisha, panga tozo moja moja: VAT ni 1,475.41, REA ni 245.90, EWURA ni 81.97. Zijumlishe na thamani ya umeme uone kama hazirudi kwenye 10,000 yako, kisha zilinganishe na risiti, kwa kuwa makato haya huorodheshwa humo mstari kwa mstari.