Anayejaribiwa na Njaa ni Mwenye Ghala

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: njaa kubwa zilizowahi kuikumba dunia zinatufundisha nini juu ya kumtegemea Mungu? Jibu tulilolizoea makanisani ni kwamba njaa humwonyesha mwanadamu udogo wake na kumpigisha magoti. Silikatai. Mwaka 1315 mvua ilinyesha mfululizo kaskazini mwa Ulaya hadi nafaka ikaozea mashambani, na mwezi Agosti mfalme Edward wa Pili wa Uingereza alipopita St Albans, watu wake walihangaika kumpatia mkate. Mfalme mzima! Lakini jibu hilo limeishia njiani, na sehemu iliyobaki ndiyo inayoniuma zaidi.

Ninaposoma habari za njaa, siwaoni wenye njaa wakiwa wamepungukiwa na kumtegemea Mungu. Wakulima wa Ireland ambao viazi vyao viliharibiwa na ugonjwa mwaka 1845, na tena mwaka uliofuata, hawakuhitaji somo la kuomba. Rozari ilikuwa mikononi mwao tangu utotoni. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine idadi kama hiyo wameihama nchi. Miaka hiyohiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Charles Trevelyan, ofisa wa Hazina ya Uingereza aliyesimamia misaada, maana Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, aliandika kwamba mkono wa Mungu ulikuwa katika balaa lile, akashikilia kwamba soko lisiingiliwe. Alikuwa Mkristo wa dhati, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu anaweza kulitaja jina la Mungu kwa unyenyekevu kabisa, huku ufunguo wa ghala uko mfukoni mwake.

Tena si Ireland peke yake. Huko Ukraine, mwaka 1932 na 1933, nafaka ilichukuliwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti, wapekuzi wakaingia hadi ndani ya nyumba za wakulima. Huko Bengal, jimbo la India iliyotawaliwa na Waingereza, mwaka 1943 walikufa watu wanaokadiriwa kuwa milioni tatu. Mchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo akiwa mtoto, baadaye alionyesha kwamba chakula cha mwaka ule hakikuwa kidogo kuliko cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Bei ya mchele ilipanda mno, ujira wa kibarua wa shambani ukabaki nyuma. Mchele ulikuwepo, ila maskini hakuweza kuufikia.

Sasa tufungue Biblia tukiwa na hayo akilini. Katika Mwanzo 41 Mungu anampa Farao ndoto ya ng'ombe, na Yusufu anaifasiri. Ajabu ni kwamba Yusufu hamwambii mfalme aombe mvua, wala haahidi muujiza. Anashauri moja ya tano ya mavuno itengwe kwa miaka saba ya shibe. Neno la Mungu limekuja likiwa na hesabu ndani yake, na kulitii ni kujenga ghala. Ila msomaji asiishie hapo, aendelee hadi sura ya 47, ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Hapo Wamisri wananunua chakula kwa fedha mpaka fedha zinakwisha, kisha kwa mifugo, kisha kwa ardhi yao, mwishowe wanajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Wanamshukuru Yusufu kwa kuwaokoa, na kweli amewaokoa. Hata hivyo mimi siwezi kuisoma sura hiyo bila huzuni. Kuokoa maisha ya mtu na kumnyang'anya shamba lake vilitendeka katika meza moja.

Halafu njoo kwenye mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Huku kuweka akiba hadi asubuhi ni kosa. Kilichobakizwa kinaingia mabuu na kunuka. Kwa nini akiba ya Yusufu iwe utii na akiba ya jangwani iwe uasi? Nadhani jibu liko katika swali la nani atakula. Nafaka ya Misri iliwekwa kwa ajili ya watu ambao wangekosa kesho. Mana iliyofichwa hemani ilikuwa ya mtu aliyeogopa kwamba Mungu wa leo hatakuwepo asubuhi. Na Paulo, anapowaomba Wakorintho mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anachukua habari hii hii ya mana: aliyekusanya kingi hakuzidiwa, wala wa kidogo hakupungukiwa. Kwake yeye, changizo lile lilikuwa jambo moja na mana.

Basili wa Kaisaria, mhubiri wa karne ya nne, alilielewa hili vizuri kuliko wengi wetu. Njaa ilipoipata Kapadokia, katika Uturuki ya leo, karibu na mwaka 369, ghala za matajiri zilikuwa na nafaka, nao wakisubiri bei ipande. Basili akawahubiria juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akawaambia kwamba mkate wanaoufungia ni wa mwenye njaa. Ghala zikafunguka. Rafiki yake Gregori anasimulia kwamba Basili mwenyewe alijifunga kitambaa kiunoni, akawakusanya waliodhoofika, wazee kwa watoto, akawagawia mchuzi moto kutoka vyunguni. Ukitaka kuniuliza kumtegemea Mungu wakati wa njaa kunafananaje, nitakuonyesha mtu huyo na kitambaa chake.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: na wale walioomba wakafa? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa haraka. Maombolezo 4 inasema waliouawa kwa upanga wana heri kuliko waliouawa kwa njaa, na inaendelea kusema mambo ambayo sitaki kuyaandika hapa. Biblia haikuyaficha. Habakuki anaahidi kumfurahia Bwana hata mtini usipochanua maua na zizini pasiwe na ng'ombe, lakini hayo ni maneno ya mwenye njaa kuyasema mwenyewe. Mimi niliyeshiba sina ruhusa ya kumwekea kinywani.

Kilicho changu ni Matendo 11. Nabii Agabo anatabiri njaa, ile iliyotokea siku za Klaudio, kaisari wa Roma. Wanafunzi wa Yesu huko Antiokia, wengi wao watu wa Mataifa, wanaazimia kila mmoja atoe kwa kadiri ya uwezo wake kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana nao. Wanaukabidhi mchango kwa Barnaba na Sauli waupeleke kwa wazee. Utabiri ulisema njaa itaenea duniani kote, maana yake hata Antiokia haikuwa na uhakika wa mkate wake. Walitoa hivyo hivyo.